Bundi wa Kichaka cha Bibi

Juzi pale sokoni Bagamoyo niliokota punje ya mtama, nikaitia mdomoni na kuitafuna mbele ya muuzaji. Akacheka, "Mama, huniamini?" Nikamwambia simwamini, wala asione vibaya, maana hata kadhi simwamini mpaka nimtazame usoni. Mtama wenyewe ulikuwa mweupe, mnene, wa kupendeza macho, lakini haukuwa na harufu ya moshi. Nikarudi nyumbani nimenuna, na tangu hapo bibi yangu hanitoki kichwani.

Unanijua, rafiki yangu, mimi ni mtu wa kushuku. Sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa kule Zinga nikiwa mtoto, miaka ile misafara ya bara ilipokuwa ikishuka na pembe za ndovu, Wadachi hawajapandisha bendera yao.

Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea. Shamba lake ungeliona ungecheka: mtama huku, kunde zimeukumbatia, maboga yanatambaa chini, hujui uweke wapi mguu. Majani hakuyachoma, aliyalaza yaozee pale pale. Mbegu alizining'iniza na masuke yake kwenye uchaga, juu ya mafiga, zikafukizwa moshi mpaka zikawa nyeusi na fukusi asizisogelee. Zilizobaki baada ya kupanda tulizitwanga, na ugali wake, ukiula na kunde za nazi, ulinukia moshi ule mpaka vidoleni. Hata sasa nikisema nameza mate.

Pembeni mwa shamba bibi aliacha kichaka. Hakukikata wala hakuruhusu mtu akate ufito humo. Ndani yake kulikuwa na mti mkavu wenye pango, na katika pango aliishi bundi. Wewe ni mtu wa pwani, sina haja ya kukueleza watu wetu wanamwonaje bundi. Akilia tu, akina mama hutupa chumvi motoni.

Jirani yetu alikuwa akiwauzia mtama watu wa misafara. Alifyeka kila kitu, akachoma, akafagia shamba kama ua, akapanda mtama mtupu. La bibi aliliita shamba la mvivu. Basi wakaja panya. Walimlia jirani shambani, wakamfuata mpaka ghalani, kisha wakala kwa kila mtu pale kijijini. Kwetu walionja tu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kisimani wanawake wakawa wanasogeza mitungi yao bibi akifika, na salamu wakaitikia kwa mdomo nusu. Lisemwalo lipo, wakasema. Yule bibi anafuga bundi, na panya ni wa kutumwa.

Nami nikaanza kumtazama bibi yangu kwa jicho la pembeni. Kila alfajiri alikwenda kichakani na kikapu chenye kifuniko, na mimi nilikatazwa kukigusa. Siku moja alipokwenda kisimani nikakifunua. Mtume! Mifupa midogo, mafuvu yenye meno, imeviringishwa na manyoya. Alirudi akanikuta nimeganda pale pale.

"Umeona nini, mke mwenzangu?"

"Bibi, unakula nini huko kichakani?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono, akanipeleka chini ya ule mti. Madonge kama yale ya kikapuni yalikuwa yametapakaa ardhini. Bundi humeza panya mzima, akaniambia, halafu hutapika mifupa na manyoya. "Panya ndio chakula chake, na haya ndiyo chakula cha maboga yangu." Nikamuuliza kwa nini alinificha. "Mtoto akijua, kijiji kimejua." Niliamini, lakini maboga sikuyala kwa siku kadhaa.

Kumbe jirani naye alikwisha kukichungulia kikapu. Asubuhi moja akaja na jumbe wa kijiji na vijana wenye vijinga vya moto. Jumbe alisema bila kuzunguka: kichaka kichomwe, au bibi afungashe vyake ahame Zinga. Bibi akaleta kikapu mwenyewe, akakimimina mbele yao, akaeleza kama alivyonieleza mimi.

"Mmesikia?" jirani akaruka. "Amekiri kwa kinywa chake, mifupa ni yake!"

Bibi aliutazama uchaga wake wa mbegu, akanitazama mimi, akasema, "Chomeni." Bundi alitoka mchana kweupe, akapepesuka angani, na wanawake wakawafunika watoto nyuso. Mimi nilimwangalia mpaka akapotea upande wa Fukayosi.

Msimu uliofuata panya walikuja kwetu pia. Walipanda uchaga, moshi na yote, wakaguguna masuke yakabaki vijiti vitupu. Mbegu ile bibi alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Aliviweka vile vijiti mapajani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Na unadhani watu walisema nini? Walisema anawalisha panya wake mtama wake mwenyewe ili asishukiwe. Lo! Ukipata mchawi, ukikosa mchawi.

Mchana mmoja, jua la utosi, watu wote wamo ndani, jirani akaja kwa njia ya nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akachuchumaa, akachora chora mchanga kwa kidole. "Bibi, hebu tuambiane kweli. Yule ndege wako, mwite arudi. Simwambii mtu."

"Mwanangu, ndege yule haitwi. Nyumba yake umeichoma, akija atalala wapi?"

Akaondoka kichwa chini. Muda si muda nikamsikia ng'ambo ya ua akimwambia mkewe, "Amekataa kumwita."

Bibi alikiacha kichaka kiote upya. Alipofariki kilikuwa kimenifika begani, na bundi alikuwa hajarudi. Leo pale pamefyekwa tena, peupe. Mtama ule sijaupata popote, ndiyo maana natafuna punje za watu sokoni kama mwendawazimu. Namlilia bibi, na naulilia mtama wake, sioni haya kusema.

Nyuma ya nyumba yangu hapa nimeacha kipande sikifyeki. Mwaka jana kikaingia kitu, kikaanza kulia humo. Sikumwambia mtu. Alfajiri naokota madonge, natia kikapuni, nafunika, nayapeleka kwenye maboga. Nakwambia wewe kwa kuwa ni rafiki. Lakini juzi ile, nilipotoka sokoni, nilimkuta jirani yangu wa hapa, wa siku nyingi, amesimama uani kwangu, kikapu kiko mbele yake, kifuniko amekishika mkononi. Akanisalimu vizuri tu, ila machoni hakunitazama.