Sweta ya Mama

Juzi sokoni Busia nilimwona mama mmoja wa mitumba akifua sweta ya sufu kwa maji baridi. Aliikandamiza ndani ya taulo, akailaza juu ya gunia ikauke polepole. Nikasimama pale, nikakumbuka nyumbani kwa nyanya yangu, kijijini Mulanda.

Mama yangu alikuwa anafanya kazi upande wa Kenya, mimi nikabaki na nyanya. Sweta aliyoacha ilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya nywele, nami nililala nayo. Siku aliyokuwa anakuja nilitaka aikute safi. Nguo nyeupe za kanisa nyanya alizichemsha na sabuni kwenye sufuria, kwa hiyo nami nikachemsha sweta, nikiimba. Ikanuka kama kondoo aliyenyeshewa.

"Haiya, Athieno! Umepika sweta ya mama yako?" Nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alipofika aliijaribu, mikono ikaishia kwenye viwiko. "Si kitu, mwanangu," akasema, akaivua. Jioni akarudi kazini.

Leo najua kazi ndiyo ilimwita. Wakati ule niliamini ameondoka kwa sababu kwetu hakuna tena nguo inayomtosha. Basi kila Jumamosi nililowesha ile sweta, nikaomba Mungu, halafu nikamwambia nyanya ashike mkono mmoja na mimi nishike mwingine, tuivute irudi ukubwa wake. Nyanya alivuta kwa nguvu zake zote.