Fundi Breki Kwenye Mteremko

Kaka yangu alitengeneza breki za malori miaka mingi hadi mtaani jina lake halisi likasahaulika. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Breki. Chombo chenye magurudumu hakukiamini hata siku moja. Ukimpa lifti, kabla hujawasha gari anakuuliza raba za breki ulibadilisha lini, nasi tulikuwa tunamcheka. Kisha siku moja jeki iliteleza akiwa chini ya lori, lori likamkalia kiunoni. Tuliacha kumcheka, maana tangu siku hiyo yeye mwenyewe anaishi juu ya magurudumu.

Watu husema kwa mwoga huenda kicheko. Waje wacheke mbele yangu waone. Lakini ukweli usemwe: kaka aliogopa mpaka tukachoka sisi. Aliogopa mlango wa uani kwa sababu una kizingiti. Aliogopa barabara ya lami kwa sababu ina magari, na ya vumbi kwa sababu ina mashimo. Kiti chake cha magurudumu alikifumua na kukichomelea upya, breki za magurudumu yote mawili akaziunganisha kwa chuma kimoja, ili ukivuta mpini wa kushoto kiti kizima kigande. Hata hivyo hakwenda nacho mbali. Ilikuwa ukumbini, uani, basi.

Aliyemsukuma ni mkewe, shemeji yangu, mwalimu wa chekechea. Sauti ya walimu hao mnaijua. Hata paa likishika moto atasema, "Haya watoto wazuri, tupange mstari, tutoke nje." Kwa sauti hiyo hiyo alimvusha kaka vizingiti vyote vya nyumba ile. Alipostaafu, akamwambia, "Fundi, natamani kuona mji wa ughaibuni, wewe na mimi. Hatuna haraka. Tutembee, tukae, tutazame watu. Ukikataa nitabaki na wewe, wala sitalalamika."

Hilo la kutolalamika ndilo lililomkosesha kaka usingizi. Alijua akisema hapana, shemeji hataomba tena, na wote wawili watazeekea uani. Akakubali.

Walipotua huko, kiti chake kilitolewa kwenye shehena kikiwa kimepinda kama waya wa kuanikia nguo. Nusura kaka apande ndege ileile arudi. Hoteli ikamwazima kiti kingine, cheusi, chepesi, kila gurudumu na breki yake. Aliponisimulia hapo alitikisa kichwa. "Nilikikagua mdogo wangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Raba ya kushoto ilikuwa imeanza kuisha. Nikasema si neno, kuna ya kulia."

Siku za mwanzo alizimaliza na roho mkononi. Lifti ya hoteli ilikuwa ndogo kama kabati, mlango ukifunga anashika mkono wa shemeji na kufumba macho. Njia zilikuwa za mawe, kila jiwe likamgonga mgongoni. Tramu, yale magari ya reli ya mitaani, zilipita karibu na magoti yake, kimya kimya, na kaka hukiogopa chombo kisicho na kelele kuliko kinachonguruma. Shemeji nyuma yake alikuwa haishi kuchangamka: "Ona yule baba na kofia yake! Ona maua dirishani! Twende, Fundi, pole pole." Walikaa kwenye vibaraza vya kahawa mpaka kahawa ikapoa. Shemeji alifurahi, au ndivyo sauti yake ilivyosema, na kaka akajikaza asiiharibu furaha hiyo.

Sasa, kuna desturi ya gereji ambayo hawa wawili waliifanya ya nyumbani. Gari likiegeshwa mlimani, hakuna anayeliachia mpaka aliyefunga breki ajibu. Unauliza, "Imekaa?" Anajibu, "Imekaa." Hapo ndipo unatoa mkono. Shemeji hakuwahi kuachia kiti bila kuuliza, na kaka hakuwahi kujibu bila kuvuta breki.

Asubuhi moja walipanda hadi juu ya mtaa mmoja, penye kiuwanja cha kutazamia mji. Shemeji alitaka kupiga picha. Akauliza, "Imekaa?"

Kaka akavuta mpini wa kushoto, kama alivyozoea kwenye kiti chake. "Imekaa."

Shemeji akaachia.

Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Mtu aliyewafokea madereva nusu ya maisha yake kwa kutegemea breki ya upande mmoja, leo kafunga upande mmoja. Gurudumu la kushoto likaganda, la kulia likaendelea, na kiti kikazunguka taratibu mpaka kikaelekea bondeni. Kaka alisikia raba ikilia juu ya tairi. Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyeelewa kelele ile. Raba haikushika tena, na kiti kikaanza kushuka.

Mtaa ulikuwa mrefu, na chini kabisa tramu zilikuwa zinapishana. Angeweza kuyakamata magurudumu, mikono yake ni mizima, na ana mikono ya kufungulia nati za lori. Lakini aliitumia kufunika uso. Akajikuta yuko tena chini ya lori. Hata kupiga kelele hakuweza.

Kilichomsimamisha ni shemeji. Alikimbia akampita, akageuka, akajitupa mbele ya kiti kama jiwe la kukingia gurudumu. Chuma cha kuwekea miguu kikamgonga mkono. Mama mmoja mpita njia akadaka mishikio ya nyuma, na kiti kikasimama. Mama yule aliwasogeza pembeni, akasema maneno mengi ya lugha yake, akampapasa kaka bega, akaenda zake.

Kifundo cha mkono wa shemeji kilikuwa kinavimba wakitazama. Akatabasamu, akakificha chini ya mtandio. "Haya, yameisha. Twende tukapumzike."

"Utanisukumaje na mkono huo? Tuite teksi," kaka akasema.

"Magari hayaruhusiwi huku juu."

"Basi tukae hapahapa."

"Mpaka lini, Fundi?"

Kaka alitazama juu, akatazama chini, akalia, tena kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu alipoumia. Akaweka viganja juu ya magurudumu yote mawili, akayabana, akayaachia kidogo, akayabana tena. Kiti kikashuka hatua, kikasimama, kikashuka hatua. Ngozi ya viganja ikaanza kuungua. Lakini kiti kilimtii.

Shemeji hakuwa na cha kushika tena, akaja kutembea ubavuni. "Vizuri sana, Fundi! Hivyo hivyo! Umeona? Hakuna shida kabisa," akasema kwa sauti ileile ya darasani.

Kaka akageuka amjibu.

Mtu anayesukumwa haoni uso wa anayemsukuma. Miaka yote ile shemeji alikuwa sauti nyuma ya kisogo chake, sauti yenye jua. Sasa kwa mara ya kwanza akauona uso uliokuwa unaitoa. Midomo ilikuwa inacheza, macho yamemtoka, machozi yanatiririka hadi kidevuni, na bado mdomo huohuo unasema hakuna shida.

Akabana magurudumu, kiti kikasimama. "Mwalimu. Unaogopa?"

"Mimi? Hapana bwana, twende tu."

"Nakuona."

Shemeji akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akakaa kwenye ukingo wa njia, watu wakawa wanampita.

"Tangu siku ile ya jeki," akasema, na sauti haikuwa ya darasani tena. "Kila kizingiti, kila kimlima. Mikono inaniuma, Fundi, nazeeka. Kila nikikushusha mahali najiuliza kama ndiyo siku nitakayokuachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Tungeogopa wote, nani angesukuma?"

Viganja vya kaka vilikuwa vimechubuka, mteremko ulikuwa bado umebaki, na anakiri kwamba hofu haikumpungua hata chembe. Akanyoosha mkono, akamfuta mkewe machozi kwa kidole chenye masizi ya tairi.

"Basi nipe zamu," akamwambia. "Leo nasukuma mimi. Wewe ogopa."