Kijiti cha Babu

Juu ya meza yangu ya kazi hapa Mbwawa kuna kijiti cha urefu wa kidole, kimezungukwa na masega makavu. Wageni hudhani ni uchafu. Fundi aliyekuja kuunganisha intaneti alitaka kukitupa, nikamfokea mpaka mwenyewe nikaona aibu. Kijiti bado kinanukia asali, na nikikinusa namkumbuka babu.

Babu yangu alikuwa mrina asali wa Marui, kule Kisarawe. Likizo zangu zote za utoto zilikuwa kwake. Nikisema shikamoo, aliitikia, "Marahaba, mke wangu," na bibi alijifanya amenuna. Mizinga yake ilikuwa msituni, na mahali ilipo palikuwa siri. Hata bibi hakupajua. Ulikuwapo mmoja aliouthamini kuliko yote, gogo la mninga lililochongwa na baba yake. Aliuita mzinga wa mzee.

Asali aliipeleka Kibaha, kwa mama mmoja mwenye duka pale Kwa Mathias. Nilipenda sana safari zile. Mama yule alishatapeliwa na watu waliochemsha sukari guru wakaiita asali, hivyo hakutaka maneno matupu. Kila msimu alikata kijiti, akakichonga alama mpya kwa kisu chake, akampa babu. Babu alikwenda kukipachika ndani ya mzinga, nyuki wakakijengea. Wakati wa kurina alikirudisha kikiwa kimezungukwa na vyumba vya nta ambavyo mkono wa mtu hauwezi kuviiga. Mama alibandua nta kidogo, akaitazama alama yake, akaguna, "Haya." Hakuuliza hata siku moja mzinga uko wapi. Mimi nilikaa juu ya gunia nikila kashata, nikiona hayo yote ni mambo ya kizee.

Nikasoma kompyuta, nikapata kazi kwenye mambo ya blokcheni. Hilo ni daftari lililonakiliwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Yeyote analisoma, na kilichoandikwa hakifutiki. Ndani yake tunaweka mikataba inayojitekeleza: sharti likitimia, mkataba unafanya ulichoahidi bila kumngoja bosi wala karani. Kikundi cha warina asali wa Kisarawe, babu akiwamo, kilitaka muhuri wa asali halisi kwa ajili ya wateja wa Dar. Mkataba ungetoa muhuri kwa asali iliyotoka kwenye mzinga wa kweli. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa ni mwenyeji.

Nikamwendea babu, nikamwambia lazima mizinga ijulikane ilipo ili watu wahakikishe. Alikataa. Nikamchokoza, "Babu, mficha uchi hazai."

"Na anayeutembeza sokoni, mke wangu, yeye anazaa?"

Tulicheka. Nilimbembeleza siku mbili nzima, na kwa kuwa alinipenda, alinipeleka. Tulitembea asubuhi yote. Chini ya kila mzinga nilisimama na simu yangu, nikachukua vipimo vya mahali. Aliniuliza kama simu haitasema. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi, "Kompyuta haina mdomo, babu."

Mkataba ulianza kutoa mihuri, wenzangu wakanipongeza. Haukupita muda babu akapiga simu, sauti imekauka. Watu walikwenda usiku na mienge, moja kwa moja, mzinga hadi mzinga, bila kupotea hata kidogo. Mzinga wa mzee waliuangusha, wakaupasua kwa shoka, nyuki wakateketea. Ramani walikuwa nayo. Niliwaandikia mimi kwenye lile daftari, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuisoma.

Nilifika Marui kesho yake. Babu alikuwa amekaa na kipande cha lile gogo mapajani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Basi futa," alisema.

"Haifutiki, babu."

"Sasa kama haifutiki, mjukuu wangu, kwa nini uliandika?"

Nilisikia vizuri kwamba ameniita mjukuu. Kwenye basi la kurudi nililia mpaka jirani akanipa leso yake, akidhani nimefiwa.

Kwa miezi mingi niliuandika mkataba upya. Wakuu wa makampuni yetu wanabishana sana: ukificha kila kitu, nani atakuamini? Ukianika kila kitu, nani atakuwa salama? Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona jibu kwenye duka la Kwa Mathias, mdomo umejaa kashata. Sasa mahali pa mzinga hapatoki kwenye simu ya mwenye mzinga. Kila msimu mkataba unatoa alama mpya ambayo hakuna aliyeijua kabla. Kifaa kidogo ndani ya mzinga kinapima joto la nyuki na uzito wa masega, kisha kinarudisha jibu lililofungwa na alama ile. Mkataba unakagua jibu bila kulifungua, unasema kweli au si kweli, basi.

Nikaenda kumweleza babu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe umerudi kwenye kijiti."

Nikapata ujasiri wa kuuliza lililokuwa linanichoma: je, kuna mzinga wowote uliopona? Alivunja kijiti kwenye ufagio wa uani, akanipa pamoja na kisu. "Chonga alama yako." Nikachonga nyota, imepinda pinda. Akakitia kijiti mfukoni.

Msimu uliofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa amedhoofu, anatembea kwa fimbo. Aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Haya, mke wangu. Kazi yako hii hapa."

Machozi yalinitoka kwa jina lile tu. Nikabandua nta kidogo, nikaiona nyota yangu imepinda vilevile. Nyuki walikuwa hai, mzinga ulikuwapo. Nilifurahi kama mtoto, nikaropoka, "Nipeleke nikauone, babu."

Alinitazama kwa upole mwingi. "Ulitaka uhakika, nimekupa."

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Nimeutembea msitu ule mara tatu nikitazama juu, shingo ikauma, mzinga sijauona. Wale wanaotumia mkataba wangu wananiambia nimewafanyia jambo kubwa, warina wanalala bila wasiwasi. Nawashukuru. Halafu narudi mezani, nanusa kijiti changu, kile alichonipa babu kama alivyokuwa akimpa yule mama wa dukani.