Cheni Aliyoileta Mjomba Maghanga

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha uani kwetu Mbololo, Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapanda kilima. Baba alikuwa na pikipiki moja nyekundu, kuukuu, aliyoitumia kubebea maharagwe ya watu mpaka sokoni Voi. Siku hizo pikipiki kwetu zilikuwa za kuhesabu, na mtoto wa mwenye pikipiki alitembea kifua mbele. Jumamosi ilikuwa siku ya cheni. Vumbi la Voi ni jekundu na kali, na likichanganyika na oili huwa kama msasa, hula chuma polepole wala usione. Kwa hiyo Baba aliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mimi nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, yeye akaisugua cheni kwa mswaki wa zamani uliochovywa mafuta ya taa. Aliipangusa kwa kitambaa mpaka ikakauka, ndipo akaidondoshea oili tone kwa tone upande wa ndani, pale inapokutana na meno ya gia. Oili nyingi hakutaka. "Cheni si chapati, Mkawasi," aliniambia. "Ukiizidishia mafuta inabeba uchafu tu."

Kazi ya mwisho ilikuwa ya Mama. Baba aliishusha pikipiki chini, akaita, "Mama Mkawasi, njoo uwe mzigo." Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso, akapanda kitini huku akicheka. "Mzigo ni huo mkweche wako," alisema, "mimi ni abiria." Akiwa amekaa pale kama bibi harusi asiyeenda popote, Baba aliingiza vidole chini ya cheni na kuisukuma juu. Ilitakiwa icheze vidole viwili, mtu akiwa juu, si kiti kikiwa tupu. Alinieleza kwamba mtu akikaa, gurudumu la nyuma hupanda kidogo na cheni hujivuta. Ukiikaza kiti kikiwa tupu, siku ya kupakia watu itakosa pumzi. Mama alikaa mpaka aambiwe ashuke. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyependwa kwa namna hiyo, kwa kupimiwa cheni.

Msimu ninaousema ulikuwa wa mavuno ya maharagwe, nami nilikuwa darasa la tano, shule zimefungwa. Cheni yetu ilikuwa imechoka, na meno ya gia ya nyuma yamechongoka kama miba ya mkonge. Baba alishapanga kwenda Voi mwisho wa wiki kununua cheni na gia zake mbili, zote kwa pamoja, maana alisema cheni mpya kwa gia kuukuu ni kama kumwoza msichana kwa mzee, mmoja atammaliza mwenzake. Alikuwa amenifundisha pia kuchagua cheni. Unaishika cheni kwa ubavu, mkono huku na mkono huku. Nzima hunyooka. Iliyochoka hulala katikati kama nyoka aliyekufa, hata ikipakwa oili ing'ae namna gani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu husema. Kwetu mgeni alikuja na hatukupona. Alikuwa Maghanga, kaka mkubwa wa Mama, aliyeishi Njukini, upande wa Taveta mpakani, na kuimbisha kwaya ya huko, mtu wa sauti nene na ahadi nyingi. Alifika Ijumaa mchana na kifurushi cha gazeti. "Shemeji," akasema, "nilisikia cheni inakusumbua. Hii ni ya ng'ambo ya mpaka, ina nguvu. Usiseme sijakufaa." Baba aliifungua, akaishika kwa ubavu. Ikalala. Niliona kwa macho yangu ikilala. Baba naye aliona, akamwangalia Mama, na Mama akaangalia chini, kwa sababu yule alikuwa kaka yake. Kwa wazee wetu, zawadi ya kaka wa mke hairudishwi mlangoni. Anayeirudisha ni kama amemrudisha na mke. Baba akasema, "Asante, shemeji." Maneno mawili tu, ya heshima.

Maghanga aliifunga mwenyewe, juu ya zile gia kuukuu. Alivua shati, akaomba spana, akaikaza mpaka ikalia ukiigusa. Baba alisema kwa sauti ya chini kwamba labda ingeachiwa icheze kidogo. Mjomba akacheka mpaka majirani wakasikia. "Ile yako ilikuwa imelegea kama bukta ya mlevi, shemeji. Mwanaume anakaza." Hakuna aliyeitwa kuwa mzigo siku hiyo. Mama alikuwa jikoni anamchemshia kaka yake chai. Jumamosi yake Baba hakuigusa ile cheni, maana mgeni alikuwa bado yupo.

Jumatatu tulitoka sokoni Voi saa tisa alasiri, Baba mbele, Mama katikati, mimi nyuma nikimshika Mama kiunoni, na unga umefungwa juu ya tangi. Kwenye mpando mkali, karibu na kona ya kuingia kwetu, Baba alirudisha gia ya kwanza. Nikasikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Cheni ilikatika, ikajizungushia nyuma na kulibana gurudumu. Pikipiki ilipinda, ikatoka barabarani ikaangukia korongo. Mama alikuwa chini yake. Alikufa kabla hatujapata gari la kumfikisha hospitali. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mara mbili, na mpaka ulipounga wenzangu walikuwa wameshapanda darasa. Mimi sikurudi tena. Ndiyo maana ninaandika hivi, kama ninavyosema.

Wakati wa matanga, mke wa Maghanga alikaa karibu na kitanda changu akalia, akaniambia kwamba cheni ile haikutoka ng'ambo yoyote. Mumewe aliitoa kwenye pikipiki yake mwenyewe aliponunua cheni mpya, akaichemsha kwa oili kwenye sufuria yake ya kupikia ili ing'ae. Kikulacho ki nguoni mwako. Nje nilimsikia Maghanga akiimbisha, kisha akiwaambia watu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mungu hakuifunga ile cheni. Aliifunga Maghanga. Na Baba namtaja pia, ingawa nilimpenda, kwa sababu alijua. Aliishi miaka mingi baadaye, na hakuwahi kunitazama machoni mtu akitaja neno shemeji.

Leo nauza mboga Voi, karibu na stegi ya bodaboda, pale wanaposubiri abiria. Pikipiki sasa ni nyingi kuliko mbuzi. Oili ya cheni inauzwa kwenye kopo la kupuliza, na vijana huchagua cheni ya rangi ya dhahabu kwa sababu inapendeza kwa picha. Maghanga bado yuko hai, mzee wa kuheshimiwa. Kila mavuno ananitumia gunia la maharagwe kutoka Njukini, na kila mavuno ninalirudisha.

Juzi lililetwa na Mwadime, kijana wa stegi. "Shangazi, mzigo wako. Mzee amesema safari hii upokee."

"Lirudishe kwa gari la Taveta."

"Atasikia vibaya, Shangazi."

"Asikie."

Alitikisa kichwa, akawasha. Hakuwa amefika hatua kumi nikaisikia cheni ikilia, nikamwambia azime. Nikamuuliza nani aliikaza, akasema yeye, jana. Nikauliza nani alikuwa amekaa juu.

"Akae nani?" Akacheka. "Kwani ni cheni ama ni kiti cha kanisani?"

Nikamwambia atoe spana. Nilipandisha mguu wangu mbovu kwa shida, nikakaa kitini, gunia likinisukuma mgongoni, naye akachuchumaa kulegeza nati huku nikimtajia: vidole viwili, pima tena, upande ule pia. Mama alikuwa akicheka akikaa hivyo. Mimi nilishika tangi kwa mikono miwili, nikaangalia mbele mpaka aliponiambia, "Shuka sasa, Shangazi, iko sawa." Nikashuka. Maharagwe ya Maghanga yakaondoka kurudi yalikotoka, na cheni haikulia.