Kujifunza Kusuka Ukubwani

Nilipokuwa chuo kikuu nilifuga nywele. Zilisimama pande zote, kubwa kama kikapu, na nilizichana kwa chanuo la mti ambalo sikukubali kuachana nalo hata darasani. Siku moja nilisimama ukumbini mbele ya wanafunzi wenzangu nikahutubia kwa nusu saa kwamba mwanamke wa Kiafrika asiyezipenda nywele zake bado hajapata uhuru. Walinipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kusuka.

Sikujua. Nilipelekwa shule ya bweni ya masista, huko kwetu mlimani, nikiwa na miaka saba, na kila mwisho wa mwezi tulipangwa mstari tukanyolewa kwa mkasi uleule wa kukatia vitambaa vya ushonaji. Sekondari ikawa hivyohivyo. Wenzangu wa pwani walijifunza barazani kwao, kwa kusukana. Mimi nilijifunza kutia vifungo na kuimba kwa Kilatini. Zile nywele nilizozitetea ukumbini hazikuwa mtindo wala msimamo. Nilikuwa nimeziacha tu, kwa kutojua la kuzifanya.

Kisha nikazaa binti.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kariakoo, katika nyumba ya ukumbi mrefu wa katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa wote. Mume wangu alikuwa mhandisi wa barabara mikoani. Tulimwona kila baada ya miezi miwili, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mimi nilifanya kazi wizarani, kitengo cha elimu ya watu wazima, tukitunga vijitabu. Kijitabu cha mwaka ule kilihusu kujitegemea. Nakitaja kwa sababu wakati nakiandika, kichwa cha mwanangu kilikuwa mikononi mwa jirani tangu mtoto alipotimiza miaka mitatu.

Jirani huyo alikuwa mama wa makamo ya juu, mjane kutoka Kilwa, mpangaji wa chumba cha mbele. Binti yangu alimwita Bibi, nami nikafuata. Yeye alimwita binti yangu mke mwenza. Kila Jumamosi alitandika mkeka uani, akamweka mtoto katikati ya magoti, akamfumua, akampaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, maana ya dukani miaka ile tulikuwa tukiyasikia tu, halafu akamsuka twende kilioni, mistari minane ya kwenda kisogoni, imenyooka kama ya daftari. Nywele za mtoto zilikuwa nyingi, kipilipili cha kukaza, na ngozi ya kichwa ilikuwa laini mno. Kwa Bibi alisinzia. Kwangu alilia kabla sijamgusa.

"Mama, wewe kasome gazeti," mtoto aliniambia siku moja niliposhika chanuo ili na mimi nionekane nipo.

Nilikwenda kusoma gazeti.

Binti akaanza darasa la kwanza. Shule yao ilikuwa na sharti moja juu ya vichwa vya wasichana: mistari safi, la sivyo kunyolewa. Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alikagua kucha, shingo na nywele, mkasi mfukoni. Aliyekutwa timutimu alikatwa njia moja katikati ya kichwa, akamalizie kwao. Kwetu hilo halikuwa tatizo. Tulikuwa na Bibi.

Wiki ya tatu Bibi akapata habari kwamba dada yake huko Kilwa kapooza, na hakuna wa kumwogesha. Angeondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Nitakaporudi. Mgonjwa hana kalenda."

Nilimpelekea mume wangu telegramu. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: mnyoe, zitaota. Yeye ni mtu wa barabara, na mtu wa barabara akiona kichaka, wazo lake la kwanza ni kusawazisha. Nilikaribia kumkubalia. Binti ndiye aliyenizuia.

"Nikinyolewa, Bibi akirudi hatanijua."

"Atakujua. Sura yako ni ileile."

Aligeuka tu akatazama ukutani, kwenye picha yetu ya shule ya masista: wasichana arobaini, vichwa vitupu, sare moja. Mwaka uliotangulia aliniuliza mimi ni yupi. Nilimwonyesha wa tatu kutoka kushoto, halafu nikasema hapana, ni huyu wa nyuma. Mpaka leo sina hakika. Nikaamua hatanyolewa.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Mtaa wa pili walikuwapo wasusi wa barazani, wepesi wa mikono na wa midomo. Nilimpeleka Jumamosi, nikaona aibu kumwambia Bibi. Alirudi amevutwa ngozi hadi macho yamepanda, vipele vimemtoka kwenye paji la uso. Hakuweza kulaza kichwa popote. Bibi alipomwona alianza kumfumua bila kuniuliza kitu. Alipomaliza ndipo akaniambia, "Utasuka mwenyewe."

"Sijui, Bibi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Basi limebaki darasa moja."

Akanituma sokoni nikanunue katani. Muuza kamba akaniuliza nafunga mbuzi wangapi. Nikamwambia nasuka. Akanitazama kichwani, akapunguza maswali. Lile fungu nililifunga kwenye mguu wa kitanda nikasuka na kufumua asubuhi na jioni, na kwa kuwa siku zilikuwa chache nililipeleka na ofisini, nikalifunga kwenye mpini wa droo. Mkuu wangu wa kitengo aliingia nikiwa nimeinama.

"Ndugu, hiyo ni nini?"

"Elimu ya watu wazima."

Akatafakari kidogo, akatoka.

Jumatano Bibi alikagua katani, akasema mkono umeanza kuelewa ila bado mzito. "Sasa keti wewe."

"Mimi?"

"Hujui panapouma, utajuaje pa kulegeza?"

Nilikaa mkekani, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili mwenye shahada, uani, wapangaji wakipita na ndoo zao. Kipande kimoja kimoja cha kile kikapu changu kikashikwa. Kwenye kipaji nilivumilia. Juu ya masikio nikakaza meno. Alipofika kisogoni, kwenye vile vinywele vifupi vya shingoni, machozi yalinitoka, na sikuwa nikilia. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu akinitazama usoni kwa makini.

"Usitikise kichwa, Mama," akasema. "Vuta pumzi, halafu uitoe akishavuta."

Akanishika goti. Niligundua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa na elimu yake kamili juu ya jambo hili, na sikuwahi kumuuliza.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa juu ya kichwa cha Bibi mwenyewe. Ijumaa baada ya swala alivua ushungi akanigeuzia kisogo. Nywele zake zilikuwa nyeupe, chache, laini kama pamba. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Nilimaliza, akapitisha vidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Huu umetoka Dar, Morogoro umefika salama," akasema. "Dodoma ndipo ulipoacha reli."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Nisuke upya, Bibi?"

"Acha. Nina ushungi, Kilwa hawataona. Na dada yangu haoni vizuri, Mungu ni mwema."

Jumamosi alfajiri alipanda basi la kusini na mistari yangu kichwani.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikatandika mkeka. Binti alikuja, lakini alikuja kama anayekwenda kuchomwa sindano, akakaa ukingoni. Nilimlowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta, nikashika kila fungu karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili uchungu usifike huko, na kwa mkono mwingine nikachana kuanzia nchani. Alilia mara mbili. Mara zote mbili niliacha, nikamngoja. Mara ya tatu nilidhani analia, kumbe anapiga miayo. Nilikusudia mistari minane, nikapata sita, na mmoja wa kati ulikata kona pasipokuwa na sababu. Kulipokuwa kunaingia alasiri tulikuwa tumemaliza. Nywele zilizong'oka kwenye chanuo nilizikusanya katika karatasi nikazichoma jikoni, kama Bibi alivyoniagiza, ili asizikute mtu mbaya. Shahada yangu haikusema neno.

Jumatatu niliomba ruhusa ofisini, nikasema nina mgonjwa. Nilisimama nje ya ua wa shule, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo, nikijifanya nachagua. Mwalimu wa zamu alipita kwenye mstari wa darasa la kwanza. Alimtoa msichana mmoja pembeni. Alipofika kwa binti yangu alisimama. Alimshika kidevu akamgeuza huku, akamgeuza huku. Mkono ukaingia mfukoni. Akasema kitu, binti akajibu, kichwa juu. Mkono ukatoka mtupu, mwalimu akaenda kwa mwingine.

"Basi mama, mihogo huitaki?" muuzaji akaniuliza. Nilinunua vipande sita.

Mchana alipofika nyumbani nilimwuliza mwalimu alisemaje.

"Kaniuliza nani kanisuka."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mama yangu, bado anajifunza." Alikuwa akitafuna muhogo. "Kasema imepinda lakini ni safi."

Nikamwongezea kipande kimoja.

"Ila huu wa nyuma unauma," akaendelea. "Tangu jana."

"Mbona hukusema jana?"

"Ulikuwa umechoka, Mama. Ulikuwa unakaribia kulia."

Akaenda akachukua mkeka nyuma ya mlango, akautandika mwenyewe, akakaa katikati ya magoti yangu na kuinamisha kichwa. Nikaufumua ule wa nyuma, tukaanza upya.