Ringi za Spoku na Mkono wa Kulia

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza hapa duniani. Nimetoka darasa la tano, nimebeba magunia ya dagaa kwa mgongo huu huu, na leo nina malori mawili, boti ya injini mbili, na nyumba ya ghorofa Mwanga, Kigoma, ambayo watu wakimwelekeza mgeni njia lazima waitaje. Nishangazwe na nini? Lakini iko siku moja mwaka huu imenirudisha utotoni mzima mzima, nami naiandika kwa ajili yenu wa rika langu, tuliokulia Ujiji na magoti yenye vidonda na vidole vinavyonuka malapa yaliyokatwa.

Maana enzi zetu gari hulinunui, unalisokota. Ukiona mtoto ana gari, ujue kuna ua la mtu limepungua waya na kuna baba anatafuta lapa lake la pili chini ya kitanda. Bodi waya, usukani fimbo ndefu, injini mdomo wako mwenyewe. Jioni, moshi wa mawese ukitoka kila jiko na dagaa wakianuliwa mchangani, sisi tunashuka mteremko msururu mzima, brrrrr, mate yanaruka, mpaka mama wa mtu aite kwamba ugali wa muhogo unapoa na hatamwita mtu mara ya pili. Leo mjukuu wangu anaendesha gari kwenye simu. Anagonga ukuta, anabonyeza, gari linazaliwa upya. Hajui hata uchungu wa kupinda ekseli!

Magari yangu mimi yalikuwa na kitu cha pekee: ringi za spoku. Wenzangu walikata lapa duara, basi. Mimi nilizungusha waya mnene, kisha nikatandaza nyaya nyembamba kutoka katikati, moja moja, kama baiskeli. Niliiga kigari cha yule mzungu mhandisi wa meli aliyekaa kule Kigoma, mnakikumbuka. Kigari cha Kiingereza, kijani, hakina paa, viti viwili tu, na ringi zake zote spoku tupu zinazometa. Kikipita, jua linapenya kwenye spoku unaona kama gurudumu linarudi nyuma. Katikati ya kila ringi palikuwa na nati moja kubwa yenye mabawa mawili, na akitaka kuifungua anaigonga kwa nyundo. Sisi tulikuwa tukikimbia nyuma yake kumeza vumbi, na vumbi lenyewe lilikuwa tamu.

Mama yangu alikuwa akimfulia na kumpigia pasi huyo mzungu. Miaka yote hiyo alikwenda kwa mguu na kurudi kwa mguu, kigari kimempita njiani, na hakupandishwa hata siku moja. Hakulalamika. Alisema tu, akiweka maji ya kunawa, "Kile kiti cha pili kinabeba kofia ya bwana. Na kofia nayo ina miguu?"

Mama huyo huyo ndiye aliyehangaika na mkono wangu. Mimi ni mashoto. Kila nikitia mkono kwenye sahani, kofi. "Weye! Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula!" Sasa nieleweni: mimi nilikuwa nalia chakula kwa huu mwingine. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona basi, kulia kwangu ndiko huku. Shuleni mwalimu akisema "kulia geuka", darasa zima linaniona uso. Kofi zikanifundisha kula kama watu, lakini kichwani kulia na kushoto hazijapatana hadi leo, hasa nikiwa na furaha.

Mzungu alikwenda zake, kigari kikabaki Rusimbi kwenye banda la mfanyabiashara mmoja, chini ya nyavu kuukuu, kuku wanatagia kitini. Ringi zilikuwa zimekufa. Spoku zilichomolewa na mafundi baiskeli, na nyingine, naapa, zimechomea mishikaki. Nilipopata uwezo wangu nikakinunua. Injini akaifufua Ndayi, fundi wangu, mtoto wa wakimbizi wa Burundi tuliyesokota naye waya tangu wadogo. Zikabaki ringi.

Kuchagua ringi za spoku si mchezo. Binti yangu aliyeko Dodoma alizungumza na muuzaji Uingereza kwa simu, akawa ananifasiria. Kuna za spoku arobaini na nane, za sitini, na za sabini na mbili. Kuna za kupakwa rangi na kuna za kromu. Ndani zina meno, lazima yashikane na meno ya habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Tairi lake lazima litiwe tyubu, maana upepo hupenya kwenye vichwa vya spoku. Ndayi akasema, "Bwana, chukua sitini za rangi. Vumbi letu hili, kromu utaisugua mpaka uzeeke." Nikamwambia mimi si mtu wa pungufu. Sabini na mbili, kromu, tano, pamoja na ya akiba.

Zilipofika nikamwita mama aje aone. Sasa ni bibi kizee, anatembea kwa mkongojo, ila ulimi haujazeeka. Akazitazama akacheka. "Hii ni baiskeli ya watu wawili. Mimi sipandi." Nikambembeleza. Mwishoni akaweka sharti lake mbele ya majirani wote: "Nenda nacho Bangwe, urudi. Kikirudi na miguu yake minne, nitapanda. Kikirudi kimebebwa, usiniambie tena habari za gari hilo mpaka unizike." Akaingia ndani kubadilisha khanga. Mama yangu akisema hivyo, amesema.

Tukafunga haraka. Habu mpya zilikuja pamoja na ringi, mbili mbili kwa kila upande. Binti, kutoka Dodoma, akanisomea maelekezo kwa simu: "Baba, habu ambazo nati zake zinakazwa kinyume ni za kulia. Usichanganye." Ndayi yuko chini ya gari, anauliza, "Hizi wapi?" Nikamwonesha kwa mkono, kwa furaha: "Kulia! Huku!" Akafunga, akagonga nati kwa nyundo, tukaondoka. Jamani, upepo ule! Ziwa linang'aa, watu wanasimama barabarani, mimi kama mhandisi.

Kabla ya Bangwe nikasikia tiki, tiki, tiki. Tukasimama. Gurudumu la mbele linacheza kama jino la mtoto, nati imebaki kidogo idondoke. Ndayi akaikaza kwa nyundo mpaka mikono ikamuuma. Tukaenda kidogo. Tiki, tiki, na sasa la nyuma nalo.

"Niite lori litubebe?" akauliza.

"Ukiita lori, umemzika mama yangu akiwa hai," nikamwambia. Kichwani nilimwona yuko kibarazani na khanga yake mpya, ananyoosha shingo. Kikirudi kimebebwa, basi, kiti kile hatakikalia maishani.

Njaa ikatushika, tukaketi kwa mama ntilie, ugali na samaki mgebuka wa mawese. Nikanawa. Nikamega tonge, nikalipeleka mdomoni, likaishia njiani. Nikautazama mkono wenye tonge. Nikautazama ule mwingine uliokaa bure, niliomwoneshea Ndayi.

"Ndayi, mkono wa kulia ni upi?"

"Huo unaolia ugali."

"Na mimi nilikuonesha kwa upi?"

Alicheka mpaka akakohoa mwiba. "Lizee zima lina ghorofa, kulia halijui! Na mimi mjinga nikakufuata!" Habu zilikuwa zimebadilishana pande, kwa hiyo kila gari likienda mbele, nati zinajifungua zenyewe. Mnaona lakini nani aligundua? Si simu. Ni mimi, na tonge mkononi.

Tukapiga jeki pale pale. Habu zenyewe zimeshikwa na nati nne nne tu. Tukazihamisha, za huku kule, nikishika kila moja na kuuliza kwanza. Tukaenda hadi Bangwe, tukageuza, tukarudi Ujiji bila tiki hata moja.

Mama akazunguka gari akigonga kila ringi kwa mkongojo, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akampa Ndayi mkongojo amshikie, akaketi. Nikawasha, tukashuka mpaka tukaliona ziwa. Khanga ilimpepea, akaiachia. Alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha msichana ambacho sijawahi kukisikia. Nikatamani rika letu lote lingekuwa nyuma yetu linakimbia, brrrrr, kumeza vumbi. Sasa barabara ina lami, vumbi lenyewe hakuna, na vijana waliosimama walitazama kupitia simu zao.

Wakati wa kurudi akauliza, "Na hizi baiskeli zako, bei gani?"

Ninyi mnanijua. Bei ya ringi zile nilishaitangaza sokoni, nje ya msikiti, hadi kwenye msiba kule Simbo. Lakini nikamtazama alivyoshika ule mlango kwa vidole vya kupiga pasi, nikasema, "Laki mbili, mama. Zote tano."

"Yebabawe!" akapiga paja. "Wamekuibia, mwanangu."

Nikamwambia kweli, mama, wameniibia. Kwenu ninyi sifichi: pamoja na habu, nati, tyubu, usafiri na ushuru, zilinisimamia shilingi milioni kumi na nne, laki sita na elfu themanini.