Utumbo Kipofu

Paskazia alifua mashuka ya zahanati ya misheni pale Ushirombo tangu hajaolewa. Kwa Sista Gerharda, Mjerumani asiyechoka kuongea, aliokota neno moja lililomkaa kichwani: Blinddarm. Blind ni kipofu, Darm ni utumbo. Sista alimweleza kwamba waganga wa kale waliuita hivyo kwa Kilatini, Wajerumani wakatafsiri tu, kwa sababu kipande hicho cha utumbo kina pa kuingilia na hakina pa kutokea. Sisi tunasema kidole tumbo, basi.

Mwaka ule wa shida ya petroli, baada ya vita vya Kagera, binti yake wa pekee, Limi, alishikwa na tumbo upande wa kulia hata akashindwa kunyoosha mguu. Sista alikuwa amesharudi kwao. Paskazia alijua ni nini, na kujua kwenyewe kulimtia wazimu: asipopasuliwa mtoto angekufa, na daktari wa kupasua alikuwa Kahama.

Akamwacha mgonjwa kwa mama mkwe wake, Mageni.

"Mama, asile kitu chochote. Ni utumbo kipofu, hauna pa kutokea."

"Nenda, Mama Limi. Nimesikia."

Mimi jirani yao nilifuatana naye kwa Hatibu, mfanyabiashara mwenye kilori. Tangi lilikuwa tupu. Hatibu, Mungu amlipe mema, alizunguka akinyonya petroli kwa mpira kwenye pikipiki za watu mpaka kilori kikawaka.

Tuliporudi, Mageni alitupokea mlangoni akicheka.

"Amepona! Si ulisema hauna pa kutokea? Nimemnywesha mizizi ya kuharisha, nimeufungulia njia. Maumivu yameisha kabisa."

Mimi mjinga nilimshukuru Mungu. Paskazia alikaa chini vumbini.

"Umepasuka," akasema. "Ukipasuka, maumivu hutulia kwanza. Mama, nilisema asile!"

"Hajala, mwanangu. Dawa ni chakula?"

Limi alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi yake.

Nina hasira mpaka leo, na sina wa kumkasirikia. Mageni aliishi miaka mingi baadaye, akilishwa na kuogeshwa na Paskazia huyohuyo. Mara kwa mara bibi huyo alimuuliza kama mtoto angepona iwapo angemnywesha ile mizizi mapema zaidi.

"Angepona, mama," Paskazia alimjibu. "Tulichelewa tu."